Daftari Linalojibu: Nichague Lipi?

Mwalimu, shikamoo. Nipo mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili, na papo hapo ni katibu wa chama chetu cha wanafunzi. Noti zangu zimetapakaa: nyingine kwenye simu, nyingine kwenye laptopu, nyingine ni sauti nilizojitumia mwenyewe WhatsApp. Wenzangu wananiambia nihamie programu yenye akili mnemba (AI), ila kila mmoja anasifia yake: Notion, Obsidian, NotebookLM, Evernote. Nimezipakua zote nne, nimechoka, na wiki ya tatu sasa sijaandika kitu. Nichukue ipi?
— Katibu Aliyechoka

Marahaba, Katibu. Leo hii rudi uandike kwenye chochote ulicho nacho, hata nyuma ya bahasha. Vikao vya wiki tatu bila kumbukumbu ni deni, na utakayedaiwa ni wewe.

Nimeandika kumbukumbu za vikao zaidi ya miaka 20, tangu enzi za hati mkato, kwa hiyo nakujibu kama karani. Mafundi watakujibu vingine.

Hizo nne hazifanyi kazi moja, ndiyo maana wenzako hawapatani. NotebookLM ya Google naiona kama msomaji kuliko daftari. Unaipa makala zako, unaiuliza, inajibu na kuweka namba ndogo pembeni; ukiibonyeza inakupeleka kwenye kifungu ilichokitegemea. Kwa tasnifu, ichukue. Kwa wazo lililokujia ukiwa njiani, itakuchelewesha. Notion ni kabati la ofisi: majedwali, orodha za kazi, watu kadhaa wakiingia na kutoka. Akili mnemba yake ilifunguliwa kwa watu wote Februari 2023, na noti zako zinakaa kwenye seva zao, yaani kompyuta za kampuni. Obsidian inahifadhi kila noti kama faili la maandishi ya kawaida kwenye mashine yako mwenyewe. Akili mnemba unaiongeza kwa programu-jalizi, yaani vijiprogramu vya nyongeza, zilizotengenezwa na watu wengine, basi soma kwanza kila moja inapeleka maandishi yako wapi.

Evernote ndiyo kongwe kati ya hizo, na ndiyo inayonipa nafasi ya kusema jambo ambalo vijana hawaliulizi: nitatokaje? Mwaka 2023 kampuni ya Italia, Bending Spoons, ilikamilisha kuinunua, na kabla mwaka haujaisha akaunti ya bure ikawekewa kikomo cha noti 50 na daftari moja. Waliokuwa na noti nyingi waliachiwa kuzisoma na kuzitoa, ila kuongeza nyingine bila kulipa, hapana. Hakuna aliyevunja sheria. Nyumba ni yao.

Mimi yalinikuta kwingine, na programu yenyewe siitaji. Nilipotaka kuhama, ilinipa noti zangu zote bila kinyongo, lakini kila moja ilikuwa na tarehe ya siku niliyozipakua. Kumbukumbu za miaka sita, zote za Alhamisi moja! Nilikaa miezi nikisoma ndani ya kila noti kubahatisha ilikuwa ya lini. Kwa hiyo, kabla hujahamia popote, andika noti tano za majaribio, moja iwe na picha, moja na jedwali. Zitoe. Zifungue kwa programu nyingine kabisa. Ukiona picha imepotea au tarehe zimebadilika, umejua mapema.

Jaribio la pili ni la akili mnemba yenyewe. Ingiza noti zako kumi, kisha uliza jambo ambalo kwa hakika halimo. Ile inayosema "sijaona kwenye noti zako" ina heshima. Inayokujibu kwa ufasaha, ikakutajia hadi mjumbe aliyetoa hoja, ifute kabla chai haijapoa.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu maelezo ya matangazo hayaligusi: ipe Kiswahili chako cha kila siku. Lugha yetu inaficha ukanushi ndani ya kitenzi. Niliwahi kurekodi kikao ambamo mjumbe alisema, "Hatukukubaliana kuongeza ada." Maandishi yakatoka: "Tukakubaliana kuongeza ada." Silabi moja imemezwa, irabu moja imegeuka, na wanachama wameongezewa ada bila kujua. Mara nyingine niliiambia programu inikumbushe kikao cha saa tatu asubuhi. Simu ikaniamsha saa tisa usiku, kwa sababu yenyewe ilisikia tatu ikaweka tatu. Tangu hapo saa zote nazisoma upya.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Kuna mahali ambapo Kiswahili kinaihitaji akili mnemba kuliko lugha nyingine nyingi, nako ni kutafuta. Maneno yetu yanabadilika mwanzoni. Ukitafuta "kikao" kwa njia ya kawaida, "vikao" haviji. Miaka yote nilikuwa natafuta "kao" ili nipate vyote kwa pamoja, na kwenye programu zinazoangalia mwanzo wa neno, ujanja huo haukufua dafu. Juzi niliuliza moja ya hizi mpya, "Tuliamua nini kuhusu ada?" Ikaniletea noti ya miaka miwili nyuma iliyosema "michango ya wanachama itabaki ileile." Neno ada halimo hata mara moja. Hapo nilikubali kwamba kitu hiki si mapambo.

Kwa hiyo, ningekuwa wewe: tasnifu kwenye NotebookLM, kumbukumbu za chama kwenye Obsidian au hata programu ya noti iliyokuja na simu, na zile mbili nyingine uzifute leo. Usilipie chochote mpaka umeitumia mwezi mzima. Zile sauti za WhatsApp zisikilize mwenyewe kwanza. Nadhani nusu yake utazitupa.

Mwalimu, mwenyekiti wetu ameamua kumbukumbu ziandikwe na mashine: turekodi, itoe maandishi na muhtasari, mimi niweke saini. Nasita. Je, ni wivu wa kazi tu?
— Karani Mwenye Saini

Wivu upo, hata mimi ninao. Ila kusita kwako kuna msingi. Whisper, mfumo wa kugeuza sauti kuwa maandishi ambao OpenAI iliutoa 2022, ulichunguzwa na watafiti waliochapisha matokeo yao 2024. Karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti vilikuwa na sentensi au mafungu ya maneno ambayo hakuna aliyeyatamka, na yalijitokeza zaidi penye ukimya mrefu. Wewe umeshakaa kwenye kikao. Unajua kimya kinachofuata mtu akiulizwa hesabu.

Mkubalie mwenyekiti nusu. Mjadala uandikwe na mashine. Maamuzi yaandike kwa mkono, papo hapo: nani alipendekeza, nani aliunga mkono, kipi kilipita. Waambie wajumbe kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, na anayekataa asikilizwe. Soma pia masharti ya akaunti uone kama sauti zenu zinatumika kuifundisha mashine. Sauti usiifute hadi kumbukumbu zithibitishwe kwenye kikao kinachofuata. Na saini yako weka chini ya ulichosoma mstari kwa mstari. Mwenyekiti akisema hakuna muda wa kusoma, basi asaini yeye.

Je, ni kweli kuandika kwa mkono kunakumbusha zaidi kuliko kibodi?
— Msomaji

Utafiti maarufu wa Mueller na Oppenheimer wa 2014 ulisema hivyo: wenye laptopu walinakili neno kwa neno, na maswali ya kuelewa yakawashinda. Waliorudia jaribio hilo 2019 hawakuona tofauti kubwa kiasi hicho. Mimi naandika kwa kalamu kwa mazoea tu, kisha naupiga picha ukurasa. Programu yangu inasoma mwandiko wangu vizuri kuliko mume wangu, ila 1 na 7 bado inazichanganya.