Barua kwa mwanangu: maneno ya baba kwa mtoto

Mwanangu,

Umeniuliza kama kuna faida wewe kuongea na mtoto wa miezi 20 jioni, wakati mama yake ameshinda naye kutwa. Faida ipo kubwa, na hata kule kutomwelewa vizuri kama mama yake kunamsaidia.

Mama akisikia "ma" anajua ni maji, anampa kikombe. Wewe hujui, kwa hiyo unauliza: "Unataka nini?" Mtoto inambidi ajaribu tena, atamke vizuri zaidi au aonyeshe kwa kidole. Mwanaisimu Mmarekani Jean Berko Gleason alilieleza hilo tangu miaka ya 1970: baba ni daraja la kumvusha mtoto hadi kwa watu wasiomzoea. Basi mama yake asikutafsirie kila neno. Ila ukiona anakaribia kulia, mpe anachotaka. Mtoto aliyekasirika hajifunzi kitu.

Tenga dakika 15, televisheni imezimwa, simu iko mbali. Keti chini macho yenu yalingane, uongee juu ya kile anachokitazama yeye, si unachotaka wewe akitazame. Uliza, kisha hesabu kimoyomoyo hadi 5. Hapa ndipo akina baba wengi wanaposhindwa: kimya kinawasumbua, wanajibu wenyewe. Penda maswali ya nini, wapi na nani, maana la ndiyo au hapana humalizwa kwa kutikisa kichwa. Lakini usiyafululize yakageuka mtihani. Uliza moja, kisha simulia kidogo.

Akisema "gali", usimwambie "sema vizuri". Mrudishie neno likiwa sahihi na refu zaidi: "Ndiyo, gari! Gari kubwa limebeba mchanga." Wala usimpunguzie msamiati. Ukitengeneza kiti, taja nyundo, msumari, bisibisi. Utafiti wa Pancsofar na Vernon-Feagans, uliochapishwa 2006 Marekani, ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao walitumia maneno ya aina nyingi walipokuwa na miaka 2 walikuwa mbele kwa usemi walipofika 3. Na ukitaka kumsemesha Kinyakyusa, msemeshe. Lugha mbili hazimcheleweshi.

Akifika miezi 24 bila kuunganisha maneno mawili, kama "taka maji", au wakati wowote akipoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke hospitali, na uombe wampime masikio kwanza. Usikubali kuambiwa kwamba wavulana huchelewa.

Baba yako