Barua kwa mwanangu: Jumanne saa nne asubuhi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa barazani na kelele zilikuwa nyingi, mara ya pili nikausikiliza nyumbani, na ya tatu ilikuwa jana usiku kabla ya kulala. Umeniuliza, "Baba, hivi tangu ustaafu siku nzima unafanya nini humo ndani peke yako? Kwa nini usije ukae nasi Dodoma?" Na nilisikia sauti yako ilivyokatika ulipomtaja mama yako. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Kwenye simu ningekujibu "mimi niko salama" kama nilivyozoea, tukaishia hapo, nawe ungebaki na wasiwasi wako.

Nianze na jambo nililokuficha. Miezi sita ya mwanzo ilikuwa mibaya sana. Nilistaafu kwa mujibu wa sheria nilipotimiza miaka 60, na kesho yake niliamka saa kumi na moja alfajiri kama nilivyoamka miaka 34 ya ualimu. Nikaoga, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikafunga saa mkononi. Kisha nikakaa kwenye kile kiti cha sebuleni kinachotazama mlango. Kengele ya shule ya msingi ya hapa jirani ikagongwa, nikawasikia watoto wakikimbilia mstarini, na mimi nimekaa. Nilikaa hivyo mpaka saa nne. Kesho yake tena. Wiki kadhaa zikapita, mwanangu, nikivaa shati la kazi na kukaa kwenye kiti. Ulipokuwa ukipiga simu jioni na kuuliza "umeshindaje", nilikuwa nakwambia nilikuwa shambani. Hakukuwa na shamba.

Kabla ya kustaafu tulipelekwa semina ya siku mbili. Walitufundisha mambo ya kiinua mgongo na pensheni, wakatuonya tusinunue daladala wala tusioe mke mwingine, wakatuhimiza tufuge. Yote yalikuwa ya fedha. Fedha ni jambo kubwa, silidharau, kwa sababu mwenye njaa hana starehe. Lakini katika siku zile mbili hakuna aliyesimama akatuambia Jumanne saa nne asubuhi mtu afanye nini.

Basi nikafuga, kwa kuwa ndilo nililoambiwa. Nilinunua vifaranga 200. Chanjo ya mdondo ya siku ya 7 niliwapa, ile ya siku ya 21 ikanipita kwa kuwa nilikuwa Same kwenye msiba, unakumbuka. Niliporudi walikuwa wameshaanza kusinzia na kupinda shingo. Kwa siku nne nilizika zaidi ya nusu yao. Hasara iliniuma, ila kilichoniuma zaidi ni kugundua kwamba hata wale waliopona sikuwa na hamu ya kuwaona. Nilikuwa nawalisha kwa hesabu ya magunia na bei. Mtu anayependa kuku humjua kila mmoja kwa rangi na tabia. Mimi nilikuwa nimejiajiri upya, tena kazi nisiyoipenda. Nikafungua tuisheni, muhula mmoja, nikaona nayo ni kazi ileile ya zamani nimeivuta kama mpira. Nikaifunga.

Sasa nikwambie kuhusu bao.

Unalikumbuka lile baraza la Ngamiani, kwenye kona, chini ya mwarobaini, ulilokuwa ukipita ukitoka shule? Siku moja nilikukuta umesimama pale unatazama wazee wakicheza, nikakuvuta mkono, nikakwambia kile ni kijiwe cha watu wasio na kazi. Nilikosea, na nakuomba radhi kwa hilo. Nimeishi Tanga miaka zaidi ya 30, mimi Mpare wa milimani, sikuwahi hata siku moja kuketi barazani na wenyeji wangu. Nilikuwa na daftari za kusahihisha.

Nilifika pale kwa bahati tu, nimetoka kununua dawa ya presha, jua kali, nikaomba kukaa kivulini. Wakanisogezea mkeka. Mbele yangu palikuwa na ubao wa mninga ulioiva kwa jasho la mikono mpaka ukang'aa, una mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu zake mbili na kete 32. Huanza na 6 kwenye nyumba, lile shimo kubwa la mraba, na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Zilizobaki, 22, anazo mkononi, na kila zamu anaingiza moja. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha mkononi mnaingia hatua ya pili, mtaji, mnacheza kwa kete zilizo ubaoni tu, na hapo ndipo watu huacha hata kunywa kahawa.

Nilimtazama mzee mmoja, zamani kuli wa bandarini, umri umepita 70, darasani hakufika mbali. Aliingiza kete moja, akala, yaani akachukua kete za mwenzake, akazipanda kuanzia kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele, ya mwisho ikaangukia penye kete, akala tena, akazunguka, akala tena. Mkono wake haukusita hata mara moja. Alikuwa ameshauona mwisho wa ule mzunguko kabla hajaanza. Mimi niliyefundisha hisabati miaka yote ile, nilikuwa bado nahesabu shimo la tatu.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikagundua kwamba nimekaa pale kwa muda wa saa tatu na sikutazama saa.

Kesho yake nikarudi, wakanipa nafasi. Nilifungwa mkononi, yaani kete zangu za kuingiza hazijaisha na mchezo umeshakwisha. Nikafungwa kesho yake na kesho kutwa. Ukishazoea kuitwa mwalimu, kuwa mwanafunzi wa mwisho darasani si jambo rahisi, hasa ukiwa na mvi. Nilitaka kuacha. Yule mzee akaniambia, "Mwalimu, wewe unahesabu za kwako tu. Tazama na za mwenzio." Akawa ananikalisha kila siku baada ya adhuhuri, kabla wengine hawajafika, ananipangia kete na kuniuliza: hapa utakula wapi, na ukila hapa mwenzio atakula wapi? Alinifundisha lini nyumba iachwe na lini isafiri, yaani kete zake zichukuliwe zipandwe. Wachezaji wachanga hukimbilia kuimwaga kwa pupa, na wengine huikumbatia mpaka wanaliwa yote. Ilinichukua miezi minne. Mwezi wa tano nikamfunga mtu kwa mara ya kwanza, na yule mzee akasimama akanipa mkono mbele ya baraza zima. Mwanangu, nimepewa vyeti maishani mwangu. Ule mkono siulinganishi navyo.

Nadhani kilichokuwa kinaniua pale sebuleni si uvivu. Shughuli nilikuwa nazo, kuku walikuwepo, wanafunzi walikuwepo. Kilichokosekana ni jambo ambalo bado silijui vizuri, linalonifanya nilale nikilifikiria, na kesho nikiamka nikalijaribu tena. Kijana hupewa hilo bure na maisha. Mzee lazima akalitafute kwa miguu yake. Ukitaka mfano, mtazame Mwalimu Nyerere. Aliacha urais mwaka 1985, akarudi Butiama, akalima, akacheza bao na wazee wenzake, na akajitwika kazi ya kuziweka Injili katika tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Mtu aliyeongoza nchi miaka yote ile bado alikaa chini kuhesabu mizani za beti.

Si lazima iwe bao. Mwenzangu mmoja, mstaafu wa reli, yuko Muheza anabebesha michungwa. Anachukua kikonyo cha chungwa tamu anakipachika kwenye mche wa mlimau, anafunga kwa nailoni, anasubiri. Mti ule utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, naye ana miaka 66 na anapanga aina za kujaribu mwakani. Muuguzi mmoja tuliyekuwa tukisali naye anasuka ukili na kina mama wa Kidigo. Mwanzo ukili wake ulikuwa ukifumuliwa na wenzake, leo ana mkeka alioushona mwenyewe, na haukanyagi.

Hebu sasa nijibu lile unaloliogopa hasa, ambalo hukulitamka. Unaogopa kwamba ipo siku nitaanguka humu ndani na hakuna atakayejua.

Mwezi wa nne, wakati wa masika, nilipata homa. Sikutoka. Sikumpigia mtu, wewe ulikuwa safarini na sikutaka kukushtua. Ilipofika alasiri nikasikia hodi. Mtoto wa miaka kama kumi, amelowa, anasema, "Shikamoo, nimetumwa. Wanauliza mwalimu yuko wapi." Sijamaliza kumjibu, nyuma yake akatokea fundi cherehani wa pale kona, na nusu saa baadaye yule mzee mwenyewe, na fimbo yake, katika mvua ile. Walinipeleka hospitali kwa bajaji, wakakaa nami mpaka majibu yakatoka, ilikuwa malaria. Usiku mke wa fundi akaleta uji. Nilikosa siku moja tu, mwanangu. Siku moja, na watu watatu wakaja mlangoni. Nilipokuwa kazini, ningekosa siku moja wangeandika tu kwenye rejista.

Ndiyo maana nasita kuhama. Nyumba yako ni nzuri na mume wako ananiheshimu. Lakini mchana ninyi mko kazini na watoto wako shule, na mimi ningerudi palepale, kwenye kiti kinachotazama mlango, ila safari hii ni mlango wa Dodoma.

Siku zangu sasa ziko hivi. Alfajiri natembea hadi Raskazone na kurudi, daktari aliniagiza na miguu imezoea. Nikirudi namwagilia mchicha. Siku mbili kwa wiki napita maktaba kusoma magazeti. Adhuhuri mpaka magharibi niko barazani. Na asubuhi, hizo saa nne nilizokuwa nikiziogopa, nachonga.

Hilo sijakwambia. Nilimwomba seremala mmoja anifundishe kushika patasi. Nilipata kipande cha mninga, nikachora safu nne kwa rula na penseli, na sasa natoboa mashimo. Shimo la bao si la kutoboa tu. Lazima kina kiwe kimoja, na ukingo ulainishwe ili vidole vichote kete zote kwa mara moja bila kukwaruzwa. Ubao wa kwanza niliupasua. Wa pili mashimo yalipishana vina, wazee wakaupitisha mkononi, wakaurudisha kimya. Huu ni wa tatu.

Kete naziokota mwenyewe katika matembezi ya asubuhi. Mkomwe huota kando ya bahari, kichaka chenye miiba kama ndoana, na hata ganda lake limejaa miiba. Ndani mna mbegu moja au mbili, za kijivu, ngumu kama kokoto, laini zinavyoteleza mkononi. Nyingine huelea baharini na maji huzitupa ufukweni. Zamani nilizikanyaga bila kuziona. Siku hizi nainama.

Nawe nikuulize. Ulipokuwa sekondari ulicheza mpira wa pete mpaka ukachaguliwa timu ya mkoa. Mara ya mwisho kuushika mpira ilikuwa lini? Jumamosi zako unafanya nini mbali na kufua na kujibu barua pepe za ofisini? Una miaka 37 na najua kazi zako ni nyingi, sikulaumu. Ila mimi niliweka kila kitu kando nikisema nitafanya nikistaafu, na nilipostaafu sikuwa nimebakiza hata kimoja ninachokijua. Hapo Dodoma viwanja vipo, na wanawake wa rika lako wapo. Tafuta jioni moja ya wiki. Usingoje kupewa kiinua mgongo.

Nitakuja Desemba, shule zikifungwa, nitakaa wiki tatu. Nakuomba jambo moja: ulizia kwa majirani wapi hapo mtaani wazee wanacheza bao, na kama hawachezi, wapi panafaa kutandika mkeka. Ubao huu wa tatu ni wa mjukuu wangu. Mwambie babu amebakiza mashimo matano. Kete nimeshazihesabu, ziko 64, na nimeongeza kumi za akiba kwenye kopo, maana watoto huzipoteza chini ya makochi.

Ni mimi baba yako,
Tanga