Nunua Kiweko Kabla ya Darubini

Nilipoanza kupiga picha za anga ya usiku, karibu fedha zangu zote ziliishia kwenye darubini ndefu, na kilichobaki nikanunua kiweko chepesi, kifaa kinachoibeba na kuigeuza darubini, cha aina ya altazimuthi, yaani kile kinachopanda na kushuka, kisha kugeuka kushoto na kulia. Mwezi ulitoka vizuri. Nebula ya Orioni, wingu la gesi na vumbi angani ambalo ndilo nililolitamani hasa, ilitoka michirizi mitupu, na hata baada ya kupata kiweko cha aina hiyohiyo chenye mota, nyota za pembeni mwa picha ziliendelea kupinda ilhali ile ya katikati imetulia.

Chanzo ni mzunguko wa Dunia, ambao huifanya anga ionekane ikizunguka ncha ya mbingu (nukta ya anga ambayo mhimili wa Dunia unaielekea) kwa kasi ya sekunde 15 za tao katika kila sekunde moja ya saa; sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Kwa darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi au kioo hadi picha inapojikusanya) wa milimita 400 na kamera yenye pikseli za maikromita 3.76, nyota iliyo karibu na ikweta ya mbingu, yaani mstari wa anga ulio juu ya ikweta ya Dunia, huvuka takriban pikseli 8 kwa sekunde moja tu. Altazimuthi huikimbiza nyota hiyo, lakini haiizungushi kamera pamoja na anga. Kiweko cha kiikweta, ambacho mhimili wake mmoja huelekezwa sambamba na mhimili wa Dunia, hufanya kazi yote kwa mota moja, na kwa picha za nebula na galaksi ndicho ninachokushauri bila kusita.

Uzito ndipo wengi hukosea. Kiwango anachotangaza mtengenezaji mara nyingi huwafaa wanaotazama kwa macho tu bila kupiga picha. Kwa picha, mimi sivuki nusu yake, au theluthi mbili pale ambapo hakuna upepo, nikihesabu darubini, kamera, pete za kushikia na darubini ndogo ya kuongozea. Hiyo ya kuongozea utaihitaji mapema, kwa sababu gia za parafujo huyumba kidogo katika kila mzunguko, na kamera yake ndiyo inayourekebisha mwendo.

Kabla ya kulipa, ulizia pia latitudo ambazo kiweko kinakubali. Mhimili huinuliwa kwa pembe iliyo sawa na latitudo ya mahali ulipo, hivyo karibu na ikweta hulala karibu sambamba na ardhi. Baadhi ya viweko havishuki kiasi hicho, na vingine uzito wake wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi.

Fedha zikiwa chache, chukua kifuatilia nyota kidogo (kiweko kidogo cha kiikweta cha kubebea kamera) pamoja na kamera na lenzi ya kawaida. Picha yangu ya kwanza ya Orioni yenye nyota za mviringo niliipiga hivyo, kwa lenzi ya milimita 135, darubini ndefu ikiwa bado kabatini.