Mlanguzi wa Kala Bazar aliachishwa na nini?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Je, mapenzi yanaweza kumwachisha mtu uhalifu? Taja filamu ya zamani inayothibitisha." Najua wengi watawaandikia kuhusu Awaara. Sina ugomvi na Raj Kapoor, aliyeiongoza na kuicheza, ila Awaara, picha ya Kihindi ya 1951, ni kesi ya damu na malezi. Kuna jaji anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na picha nzima imejengwa kumsuta. Kazi yenyewe ya wizi inaguswa juujuu tu. Anayetaka kuona mtu anavyoingia kwenye biashara haramu, inavyomlipa, na kwa nini kutoka ni shida, aitazame Kala Bazar (yaani soko jeusi), picha ya Kihindi ya 1960, iliyoandikwa na kuongozwa na Vijay Anand, stelingi akiwa kaka yake, Dev Anand. Jibu langu nalitoa mapema: hapana. Mapenzi hayamwachishi mtu chochote, kinachomwachisha ni kupata kazi nyingine.

Raghu ni kondakta wa basi mjini Bombay. Anakorofishana na abiria, anafukuzwa kazi, na nyumbani kuna mama na wadogo zake wanaomtegemea. Nje ya sinema anakuta watu wanauza tiketi kwa bei ya kuruka. Hapo watazamaji wengi husahau jambo moja: ulanguzi unataka mtaji. Dirishani hakuna mkopo. Ndiyo maana anamwibia wakili Desai rupia 5,000. Wizi ule ni mtaji wa kuanzia, na bila kuuelewa hivyo hutaelewa kwa nini kijana aliyekuwa akikata tiketi za basi anageuka bosi wa genge kwa muda mfupi.

Waliopanga foleni Majestic ya Unguja, Regal ya Tanga au Avalon na Empire za Dar es Salaam hawahitaji somo hili, lakini vijana wanaonunua tiketi kwa simu wanalihitaji. Mlanguzi hasimami dirishani mwenyewe. Anatawanya vijana wake kwenye foleni, kila mmoja anachukua idadi anayoruhusiwa, anakabidhi, kisha anarudi mkiani amebadili shati. Kwanza wanamaliza balkoni, kwa sababu anayekwenda balkoni amekuja na mke au mchumba, na mwanamume hapendi kuonekana anabishania bei mbele ya mchumba wake. Viti vya mbele kabisa havina faida, maana mwenye navyo yuko radhi kurudi kesho.

Halafu mlanguzi anasubiri kibao cha kutangaza kwamba viti vimejaa. Tuseme tiketi ni rupia 2. Kibao kikitundikwa ni 4. Robo saa kabla ya picha inafika 5 au 6. Taa zikizimwa inashuka tena hadi 2, na picha ikishakolea ni karatasi ya kufungia karanga. Akinunua tiketi 100 kwa rupia 200, akauza 50 tu kwa bei ya 4, amerudisha pesa yake na ametoka jasho bure, bado hajamtoa mtu wa dirishani na askari wa zamu. Kwa hiyo mlanguzi makini hagusi picha asiyo na hakika nayo. Anangoja ile ambayo mji mzima umeapa kuiona.

Na Vijay Anand alimpa Raghu picha kubwa kuliko zote, Mother India ya Mehboob Khan. Onyesho lake la kwanza la 1957 tunaloliona ndani ya Kala Bazar lilikuwa la kweli, na nyota wanaoshuka kwenye magari ni wenyewe. Nargis yumo, Dilip Kumar yumo, Lata Mangeshkar yumo. Katikati ya msongamano ule Raghu na watu wake wanauza. Miongoni mwa walionunua ni rafiki zake Alka, anayechezwa na Waheeda Rehman. Alka anagundua kwamba tiketi zile zimetoka kwa mlanguzi. Anazichana.

Naomba nikae hapa kidogo, kwani huwa tunapapita haraka tukikimbilia nyimbo. Kihesabu, Alka hakumtia Raghu hasara hata senti moja. Pesa ilishaingia mfukoni. Aliyepata hasara ni aliyelipa, pamoja na rafiki waliokosa picha. Kama angetaka kumwumiza mlanguzi angedai arudishiwe fedha, au angekataa kununua mapema ili tiketi zimfie mkononi. Kuchana tiketi iliyokwisha kulipiwa ni kama kumpa mlanguzi zawadi, kwa sababu anaweza hata kumkejeli mteja wa namna hiyo na kwenda zake.

Mbona basi Raghu ndiye anayebaki ameduwaa? Nimelipima tendo lile kila upande, na jibu naliona kwenye hesabu yake mwenyewe. Bei zote za mlanguzi zinasimama juu ya imani moja, kwamba hakuna mtu mwenye tiketi mkononi, nyota wote wako mlangoni, atakayegeuka arudi nyumbani. Mteja wa kawaida humtukana mlanguzi, humwita mnyonyaji, kisha hulipa. Matusi yamo ndani ya bei. Yote hayo Raghu ameyazoea na yanamthibitishia kwamba kila mtu yuko kama yeye, tofauti ni mfuko tu. Alka anaivunja imani hiyo bila kuongeza wala kupunguza rupia. Ndani ya ukumbi uliojaa kuna viti vitakaa vitupu, na vimelipiwa. Kwa mfanyabiashara hiyo ni kufuru. Na tazama uso wa Waheeda pale: si mkali. Angefoka, Raghu angejua la kumjibu, maana watu wa kufoka anakutana nao kila siku.

Sasa naona jibu langu la hapana limeanza kuyumba, maana tendo lile halikuwa kazi wala mtaji.

Lakini halikumbadilisha papo hapo. Anamfuata Alka na wazazi wake kwenye treni ya kuelekea Ooty, mji wa milimani kusini mwa India. Alka kalala kitanda cha juu, Raghu yuko chini, anaimba kwa sauti ya Mohammed Rafi wimbo wa kumlalamikia aliye juu. Wazazi wanatikisa kichwa kwa furaha wakidhani kijana anamwimbia Mungu. Wimbo mtamu, mtunzi wa muziki S. D. Burman hana mpinzani, ila huyo bado ni mlanguzi yuleyule: mali moja, wateja wawili. Anageuka baadaye, anapojua Alka ameahidiwa kwa Nand, aliye masomoni ng'ambo (Vijay Anand mwenyewe anamcheza). Anarudi Bombay na kuacha biashara akiwa hana matumaini ya kumpata. Kwa hiyo hata mkisema ni mapenzi, si yale ya kubadilishana, kwamba acha wizi nikupe mkono wangu.

Anachofanya kinachofuata ndicho kilichonifanya nianze na hapana. Raghu hatubu peke yake. Anawachukua watu wake na kuanzisha Safed Bazar, soko jeupe, wauze bidhaa halali. Asingefanya hivyo, vijana wa foleni wangepata bosi mwingine kabla ya onyesho la jioni. Wanaokumbuka 1983 wanajua kwetu Tanzania walanguzi walivyokamatwa, na sukari na sabuni zikaendelea kuuzwa uchochoroni. Ulanguzi huo ulitulia bidhaa ziliporudi madukani baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa 1984. Kasoro ya filamu ni kwamba haitufungulii daftari la soko lile jeupe. Faida ya bidhaa halali ni ndogo, na sioni kijana aliyezoea kugeuza 2 kuwa 5 kwa robo saa akivumilia mwaka mzima.

Basi nibadili jibu: ndiyo, lakini kwa masharti. Mwanamke asiwe zawadi ya mwisho, na pawe na kazi ya kuwatosha hata wale wasiopenda mtu. Kisha pawe na Desai. Yule wakili aliyeibiwa, anayechezwa na Chetan Anand, kaka mkubwa wa ndugu hao watatu, ndiye anayesimama mahakamani kumtetea Raghu makosa ya zamani yanapomfikia. Raghu anafungwa, kifungo kifupi, na Alka anamsubiri. Mkiondoa wakili huyo, sina hakika Alka angekuwa na mtu wa kumsubiri kwa muda mfupi hivyo.

Msomaji wenu, Tanga