Jibu: Oveni iko 180, keki saa nzima bado ujiuji

Pole dada. Usikimbilie kununua sensa ya joto (kile kifaa kinachoiambia oveni imefika joto gani), ipime kwanza. Chomoa plagi, oveni ipoe kabisa. Ile fimbo nyembamba ya chuma kwenye ukuta wa nyuma ndiyo yenyewe: fungua skrubu zake, ivute taratibu, tenganisha soketi, pima kwa mita ya umeme upande wa ohm (ukinzani wa umeme). Kama ni PT1000 (aina ya sensa ya joto), kwa joto letu la Dar itasoma ohm 1,100 na kidogo. Mita isiposoma kitu kabisa, sensa imekufa. Ikisoma vizuri, chunguza soketi. Yangu ilikuwa imeungua, pini moja nyeusi tii. Mguso mbovu unaongeza ohm, kama joto linavyofanya, basi oveni inadhani imeshapata moto, inazima mapema. Nilibadilisha soketi tu, sensa ni ileile mpaka leo.