Usiku nitayaweka wapi meno yangu?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 44, naishi Mafinga, nauza viazi na vitunguu sokoni. Mwezi wa tatu tulianguka na pikipiki mimi na mume wangu tukitoka msibani Nyololo. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Alichubuka tu, mimi nikapoteza meno matatu ya mbele, ya juu. Tangu siku hiyo nikicheka naziba mdomo kwa kitenge, na kwaya nimeacha. Daktari mmoja wa Dar es Salaam aliniambia nipandikize: nguzo mbili zibebe meno matatu, jumla shilingi 5,200,000, na huenda zikaongezeka kama mfupa hautoshi. Huku kwetu meno ya kuvaa nimeambiwa shilingi 210,000. Akiba yangu ya VICOBA ni 1,400,000. Mume wangu anataka tuuze miti yetu ya paina, ina miaka tisa, tuliipanda kwa ajili ya masomo ya watoto. Anasema hataki kuniona na meno ya kibibi. Mama mkwe naye kila nikipita ananitupia methali: jino la pembe si dawa ya pengo. Sendofu ya binti yetu ni Desemba. Nishike lipi? Na kama ni ya kuvaa, samahani kwa swali la aibu, usiku nitayaweka wapi? Mume wangu sijamwonyesha pengo langu hata siku moja.

Mwenye Pengo, Mafinga

Marahaba mwanangu, na kamwene.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo lililokushikisha kalamu. Usiku utayaweka kwenye bakuli dogo lenye maji safi, juu ya meza au dirishani, mahali ambapo mtoto hafikii. Utayavua kila usiku, kwa sababu fizi zinahitaji kupumua na kulowa mate, na kwa sababu meno machache yaliyo kwenye kipande kidogo cha plastiki yanaweza kuchomoka usingizini yakamezwa. Mume wako ataliona hilo bakuli. Ataona na pengo. Najua ndicho unachokiogopa, na nitalirudia hilo mbele, lakini kwanza nikupe jibu ili usisome barua yote moyo ukikudunda: vaa meno ya kuvaa, na miti isiguswe.

Sikuambii hivyo kwa kuwa wewe ni mtu wa viazi na vitunguu na vizuri ni vya wengine. Meno ya kupandikiza ni kitu kizuri kweli. Daktari anatoboa mfupa wa taya, anafunga skrubu ndogo ya titaniamu, kisha mfupa wenyewe unaishika ile skrubu kama mzizi wa mti unavyoshikwa na udongo. Wala si jambo la majaribio kama watu wengine wanavyotishana. Mswidi mmoja, Per-Ingvar Brånemark, aliligundua akichunguza mifupa ya sungura: kifaa chake cha titaniamu kilishikamana na mfupa kikagoma kutoka. Mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa mwaka 1965. Likiwekwa vizuri na likatunzwa, jino la namna hiyo linaweza kukaa kinywani miaka mingi sana, na unatafuna nalo bila hata kulikumbuka.

Sasa angalia kalenda. Mfupa haushiki skrubu kwa wiki moja. Kwa kawaida husubiriwa miezi mitatu hadi sita ndipo meno yenyewe yafungwe juu ya nguzo, na ikibidi kuongezewa mfupa kwanza, muda unarefuka zaidi. Kwa hiyo hata ukiuza miti kesho asubuhi na kupanda basi jioni, huo muda wote wa kusubiri utakuwa na pengo, na kwa pengo la mbele kama lako, madaktari wengi humpa mgonjwa nini cha kuzibia? Meno ya kuvaa. Hayo hayo ambayo mume wako anayaita ya kibibi. Desemba, kwenye sendofu ya mwanao, njia zote mbili zinakukuta umevaa kitu kile kile. Tofauti ni kwamba njia moja inakukuta na shamba la miti na nyingine inakukuta huna.

Kuna jambo ambalo sitakuficha, kwa sababu ukija kulisikia kwa mwingine utasema Shangazi alinidanganya. Jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika huanza kunywea, na hunywea haraka zaidi katika mwaka wa kwanza. Na sehemu ya mbele ya taya la juu, ukuta wa nje wa mfupa ni mwembamba. Meno ya kuvaa hayazuii jambo hilo, yanakaa juu ya fizi tu. Ndiyo maana yule daktari wa Dar aliweka neno lake la huenda. Ukisubiri miaka mitatu au minne, ukipata fedha, mlango wa kupandikiza haujafungwa, ila uwezekano wa kuhitaji kuongezewa mfupa unakuwa mkubwa, na gharama nayo. Hiyo ndiyo bei halisi ya kusubiri. Mimi nimeipima nikaona inabebeka. Wewe nawe ipime.

Lakini kuna bei nyingine ambayo haikuandikwa kwenye karatasi ya milioni tano. Nguzo zile zinataka uangalizi. Skrubu inaweza kulegea, taji, yaani jino lenyewe lililofungwa juu ya nguzo, linaweza kupasuka, fizi inayozunguka nguzo inaweza kuugua ukizembea kusafisha, na mfupa ukaliwa taratibu bila hata kukuuma. Vifaa navyo hutofautiana kwa kila kiwanda, hivyo daktari mwingine anaweza kukosa bisibisi na kipuri cha aina uliyowekewa. Jiulize: siku ikilegea, ni ya kupanda basi, kuteremka Kitonga, kulala Dar kwa ndugu na kurudi, mara ngapi? Nauli, siku za kufunga meza yako sokoni, viazi vinavyochipua ukiwa safarini. Meno ya kuvaa yakivunjika, hukosi wa kuyaunga Iringa, kilomita kama 80 kutoka kwako, au Mbeya.

Tena wewe umeanguka. Hili naomba ulisome mara mbili. Meno yaliyobaki pembeni ya pengo nayo yalipigwa siku ile. Jino lililotikiswa linaweza kufa ndani kimya kimya, likabadilika rangi kuwa la kijivu miezi au hata miaka baadaye. Umewahi kupigwa picha ya eksirei tangu ajali? Hukuandika. Inawezekana hata kuna kipande cha mzizi kimebaki ndani ya fizi. Kabla ya kununua jino lolote, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Iringa, au ya kanda pale Mbeya ukiona ni rahisi kwako, upigwe picha, utazamwe meno yote. Yaliyotoboka yazibwe, ukoga ulioganda uondolewe, fizi zikiwa zinatoka damu zitibiwe. Pima na sukari, kwa sababu sukari isiyodhibitiwa huharibu fizi na hupunguza bahati ya kipandikizi kushika. Akiba yako ianze kutumika hapo. Meno uliyobaki nayo ni mali kuliko matatu unayoyatafuta, na hakuna kiwanda kitakachokuuzia mengine kama hayo.

Uzuri mmoja wa kipande cha plastiki, ambao wauzaji wa vitu vya bei hawausemi: siku mojawapo ya hayo yaliyotikiswa likitoka, fundi anaweza kuliongezea jino jipya kwenye kipande hicho hicho. Hubomoi ulichojenga.

Ukifika kwa daktari atakutajia pia daraja, meno yaliyogandishwa ambayo hayavuliwi. Ni zuri, lakini meno jirani lazima yachongwe ili yalibebe, na yakishachongwa hayarudi. Kwa meno yaliyokwishapigwa na ajali mimi nisingefanya haraka. Muulize badala yake juu ya meno ya kuvaa yenye fremu ya chuma. Huwa membamba zaidi kwenye kaakaa, hayavunjiki ovyo, na bei yake ni kubwa kuliko ya plastiki ila haikaribii kupandikiza. Kwa sasa plastiki ingetosha, mpaka ijulikane majirani wa pengo wanaishi au wanakufa. Chuma kije baadaye.

Na mtu asikupeleke kwa fundi wa mtaani anayegandisha jino kwa dakika ishirini. Mama yangu mdogo, Tukuyu, aligandishiwa jino namna hiyo na mtu aliyekuwa akipita na mkoba wake magulioni. Plastiki ilimwagwa moja kwa moja kinywani ikashikamana na meno mawili mazima. Hakuweza kupitisha mswaki wala uzi. Baada ya mwaka na nusu yale mawili mazima yaling'olewa pamoja na la bandia, na pengo la jino moja likawa la matatu. Nilimshika mkono siku ile, kwa hiyo nisikie ninapokuambia: meno ya kuvaa ni yale yanayovuliwa, yaliyopimwa na daktari aliyesajiliwa, yakatengenezwa maabara.

Kwenye kupimwa, usikae kimya kama tulivyozoea mbele ya madaktari. Beba picha uliyopiga ukicheka kabla ya ajali. Kuna siku watakujaribishia meno yakiwa yamepangwa kwenye nta, hapo ndipo pa kusema hili refu, hili jeupe mno, langu lilikuwa limepinda kidogo. Rangi ichaguliwe mchana, karibu na dirisha. Meno meupe kama karatasi ndiyo yanayomfanya mtu aonekane na ya bandia. Yakilingana na majirani zake, hata wifi yako hatajua.

Siku za kwanza mate yatajaa, na f na v zitakutoroka, maana herufi hizo tunazitamka kwa meno ya juu na mdomo wa chini. Fika jikoni ukiwa peke yako, soma Zaburi kwa sauti, sema fedha, vitunguu, thelathini na tatu. Kisha imba. Sauti itasikika tofauti kichwani mwako kwa sababu kaakaa limefunikwa, lakini wanaokusikiliza hawasikii hivyo. Kaa nayo wiki mbili tatu ndipo urudi kwaya. Yakikuchubua rudi kwa daktari ayapunguze, usiyasugue mwenyewe kwa msasa wala kisu. Yaoshe kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida juu ya beseni lenye maji, yakikuponyoka yasipasuke. Maji ya moto hapana, plastiki inapinda. Mahindi ya kuchoma pukuchua kwa mkono, tafuna kwa magego. Baada ya miaka kadhaa yatalegea, kwa sababu ya mfupa ule niliokuambia, na yatahitaji kujazwa upya kwa ndani au kubadilishwa. Weka hilo kwenye hesabu yako ya VICOBA tangu sasa.

Sasa mume wako. Hivi umewahi kujiuliza kwa nini mtu aliyepanda miti kwa ajili ya watoto ana haraka ya kuikata ikiwa na miaka tisa? Anajua kuliko mimi kwamba mbao za Mufindi zinangoja mti unenepe, na kwamba mnunuzi wa miti michanga ndiye anayepata faida. Mwanangu, mimi naona huyo ndiye aliyekuwa ameshika usukani siku ile, na kila ukiziba mdomo kwa kitenge anasoma hukumu yake. Anataka kulipa. Maneno ya meno ya kibibi yalikuuma, na hakupaswa kuyasema, lakini nayasikia kama maneno ya mtu anayeogopa kubaki na kumbukumbu ndani ya bakuli la maji.

Mwambie jioni moja, watoto wakiwa wamelala, kwamba humdai. Kama kweli humdai. Kama moyoni bado unamdai, mwambie hilo kwanza, kwa sauti, kwa sababu milioni tano hazitalifuta. Halafu ondoa kitenge mdomoni. Mbele yake, kwenye mwanga wa taa. Miezi yote hii mmelala kitanda kimoja mkifichana kitu ambacho nyote wawili mlikuwepo kilipotokea. Anayetaka kulipa mpe kazi: akupeleke Iringa kila siku ya miadi, akae pale benchi nje, abebe karatasi ya eksirei. Na kwa basi, si kwa pikipiki.

Mama mkwe methali yake ni ya kweli, wala usibishane naye. Jino la pembe halilirudishi lililokwenda, na hata titaniamu hailirudishi. Mwambie tu, kwa heshima, mama, silitafuti lililokwenda, natafuta la kuimbia.

Nenda mwezi huu. Ukisubiri Novemba utapokea meno wiki ya sendofu, yakuchubue siku ile ile, uyavulie chooni ukumbini. Ukiyapata mapema utakuwa na muda wa kurudi mara mbili au tatu kurekebishiwa, na f zako zitakuwa zimesharudi nyumbani utakapopewa kipaza sauti umtaje mwanao.

Shangazi