Ukija London, chagua basi kwanza, nyumba baadaye

Mdogo wangu mmoja, muuguzi, amepata kazi katika hospitali iliyoko Camberwell, kusini mwa mto Thames. Anakuja na mume wake na mtoto wa miaka saba. Ameniandikia hivi: "Dada, tukae wapi? Tunataka mtaa uliotulia na pango tunaloweza kulimudu, lakini sitaki kuja London halafu nisiione London. Nataka maigizo, muziki, makumbusho, vitu ambavyo tumevisikia tangu shuleni." Wengine wameniuliza hilohilo kwa maneno mengine, kwa hiyo namjibu yeye na nyinyi mkisikia.

Mdogo wangu, tafuta nyumba Forest Hill au Sydenham, karibu na njia ya basi namba 176. Ndilo jibu langu. Nitakueleza sababu zake, maana nyumba za huko zinaweza kukosekana, na ukizijua sababu utajichagulia kwingine bila kunisubiri mimi.

Wageni wengi wakitafuta makazi huku hufungua ramani, wakapima umbali wa kila mtaa hadi katikati ya jiji. Umbali si kitu. Jiulize swali moja tu: onyesho likiisha saa nne na nusu usiku, unarudije nyumbani, unabadilisha usafiri mara ngapi, na kesho asubuhi una zamu saa ngapi? Ukikaa mahali ambapo kurudi usiku ni mateso, mara ya kwanza utakwenda kwa hamu, mara ya pili utakwenda kwa kujikaza, na baada ya hapo hutoki tena. Nawafahamu watu waliokaa jiji hili miaka mingi ambao wanaijua njia ya kazini, ya dukani na ya ibadani, basi. Msiwaite wavivu. Wamechoka, na mtaa waliopangisha umewaongezea uchovu.

Sasa itazame 176. Inaanzia Penge, inapita Sydenham na Forest Hill, inakatiza Dulwich, inapanda mlima wa Dog Kennel Hill, kisha inateremka hadi Denmark Hill na Camberwell, kwenye kazi yako. Haiishii hapo. Inaendelea hadi Elephant and Castle, inafika Waterloo, inavuka mto, inapita Trafalgar Square na kuishia Tottenham Court Road. Ukishuka Waterloo unatembea dakika chache tu kufika National Theatre na kumbi za Southbank. Ukishuka Trafalgar Square, National Gallery, makumbusho ya michoro, iko mbele yako. Ukifika mwisho wa njia, British Museum haiko mbali kwa miguu. Yaani nyumbani, kazini na huko unakokutamani, vyote viko kwenye njia ya basi moja. Nauli haifiki pauni mbili, na ndani ya saa moja tangu upande unaweza kubadilisha mabasi bila kukatwa tena. Mwanao hatalipa, kwa kuwa hajafika miaka 11.

Lakini nisikufiche, basi hilo linakwenda taratibu. Jioni kwenye foleni, kutoka Sydenham hadi Trafalgar Square unaweza kumaliza saa nzima na zaidi. Ukiwa na haraka, panda treni Forest Hill hadi London Bridge, ni kama robo saa hivi. Kuna jambo jingine ambalo dalali wa nyumba hatakwambia. Atakusifia kwamba treni za Windrush, njia nyingine ya reli inayopita Forest Hill na Sydenham, zinakesha Ijumaa na Jumamosi, na ni kweli zinakesha, ila usiku huo mwisho wake ni New Cross Gate. Hazifiki Forest Hill wala Sydenham. Ukitoka kwenye dansi saa nane usiku utashushwa New Cross Gate na kutafuta basi la kukumalizia safari. Kwangu si shida kubwa, lakini ni vizuri ulijue kabla hujasaini mkataba.

Kitu kinachonifanya nikazanie Forest Hill kuliko mitaa mingine ya bei ileile ni Horniman. Ni makumbusho juu ya kilima, yamefunguliwa tangu 1901, na yalijengwa na mfanyabiashara wa chai, Frederick Horniman, akawaachia wananchi. Kuingia ni bure, na bustani yake ina mwinuko ambao ukisimama pale unaliona jiji lote limelala chini. Ndani kuna chumba cha ala za muziki, zaidi ya elfu moja, zimepangwa kwenye makabati ya vioo kutoka sakafuni hadi juu. Kuna ngoma, zumari, vinanda, na vyombo ambavyo hutajua hata vinashikwaje. Mbele ya makabati kuna meza, unagusa picha ya ala na papo hapo unasikia sauti yake. Mpeleke mtoto siku ya mvua, na mvua huku haiishi. Utamtoa mle kwa kumbembeleza.

Tena Horniman ni watu walioonyesha heshima. Mwaka 1897 jeshi la Waingereza liliivamia Benin, katika Nigeria ya leo, likapora vitu vya shaba na vya pembe za ndovu katika kasri la mfalme, na vitu hivyo vikatawanywa kwenye makumbusho ya Ulaya. Novemba 2022 Horniman waliikabidhi Nigeria umiliki wa vitu 72 vilivyotokana na uporaji ule. British Museum wao wanashikilia sheria ya 1963 inayowazuia kutoa mali ya makumbusho, isipokuwa katika hali chache sana. Nayasema haya kwa sababu utakapoanza kutembelea kumbi za huku utakutana na vitu vya kwetu nyuma ya vioo, na moyo wako utauma. Nenda hata hivyo. Shuka ngazi za British Museum hadi ukumbi wa Afrika, ulioko chini kabisa, utafute kiti kilichoundwa na Kester wa Msumbiji mwaka 2001 kwa silaha zilizosalimishwa baada ya vita vyao. Karibia uone jinsi vitako vya bunduki vilivyogeuzwa kuwa mgongo wa kiti. Mimi nikifika pale sipiti haraka.

Kazi yako nayo, ambayo watu watakuonea huruma kwayo, ndiyo itakayokufungulia jiji. Muuguzi huku kwa kawaida hufanya zamu ndefu, kama saa 12 hivi, halafu anapata siku kadhaa za mapumziko katika wiki, nyingi zikiwa siku za kazi kwa wenzake. Makumbusho ya taifa ni bure kwa wote, na Jumanne asubuhi yako tulivu, unaweza kusimama mbele ya mchoro mmoja mpaka utosheke. Maigizo ya West End, eneo la kumbi za maigizo katikati ya jiji, huwa na onyesho la mchana katikati ya wiki, aghalabu Jumatano au Alhamisi. Unaingia, unatoka, unarudi na 176 kabla hata giza halijatanda, angalau majira ya joto. Na Ijumaa jioni kumbi kubwa huchelewa kufunga: British Museum hadi saa mbili na nusu usiku, National Gallery hadi saa tatu, na makumbusho ya sanaa ya V&A hadi saa nne. Ukitoka kazini mapema Ijumaa, pitia.

Na muziki usiuogope kwa sababu ya bei. Kila mwaka kuanzia Julai hadi Septemba kuna tamasha la Proms katika Royal Albert Hall, na tiketi za kusimama ni kama pauni 8. Unasimama chini, karibu na wapigaji, kuliko hata waliolipa mara kumi yako. Vaa viatu vya kustahimili.

Sasa mitaa mingine uliyonitajia. Katikati ya jiji futa. Pango litakula mshahara wote na utakosa hata ya tiketi. Kosa la upande wa pili linafanywa zaidi na watu wetu: kwenda mji wa mbali nje ya London kabisa kwa sababu nyumba ni kubwa na pango ni nafuu. Hesabu nauli ya treni ya kila siku, ya wewe na mume wako, ndipo useme ni nafuu. London imegawanywa kwa zoni, na ndani ya zoni hizo makato ya siku yana kikomo, yakifika hapo hukatwi tena. Nje ya mfumo huo kuna nauli nyingine kabisa.

Croydon ina mengi mazuri. Treni za East Croydon ziko haraka na nyingi, soko la Surrey Street linahesabu umri wake tangu 1276, na Fairfield Halls ni ukumbi wa muziki wenye sifa. Lakini angalia na kodi ya halmashauri, ambayo wageni huisahau. Hiyo ni juu ya pango, kila mwezi, na kila halmashauri ina kiwango chake. Halmashauri ya Croydon ilitangaza mwaka 2020 kwamba imeishiwa, na mwaka 2023 ikaipandisha kodi hiyo kwa asilimia 15 mara moja. Wandsworth, ambayo haiko mbali, inajulikana kwa kodi ndogo, ila pango lake halishikiki. Kwa hiyo ukiona nyumba, uliza viwili hivyo pamoja.

Walthamstow, kaskazini mashariki, naipenda kwa moyo wote. Treni ya Victoria inaanzia hapo, Ijumaa na Jumamosi inakesha, na kuna makumbusho ya William Morris kwenye nyumba aliyokaa ujanani, bure pia. Kama kazi yako ingekuwa kaskazini ningekwambia nenda huko usitazame nyuma. Kwa zamu ya alfajiri Camberwell, hapana. Utavuka jiji zima ukiwa na usingizi machoni.

Stratford nako kunabadilika haraka. Mwaka 2025 V&A walifungua ghala lao la Storehouse pale, na Sadler's Wells wakafungua ukumbi wa dansi. Kule Storehouse unachagua kitu kwenye tovuti yao, unaweka miadi, nao wanakitoa rafuni ukitazame kwa karibu, iwe ni nguo, kiatu au chombo. Jambo hilo limenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Ni mahali pa kwenda siku ya mapumziko. Huhitaji kuhamia.

Ukitaka kusikia Kiswahili barabarani, nenda Wembley au Harrow. Huko wamejaa Wahindi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, wengi mwishoni mwa miaka ya 1960 na wengine mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza. Kuna wazee pale Ealing Road ukiwasalimia "shikamoo" wanaitika vizuri kabisa, kisha wanakuuliza habari za mtaa walikozaliwa. Muhogo wa kukaanga wenye pilipili uko kwenye menyu za hoteli zao. Ukibanwa na upweke, na utabanwa, hasa Novemba giza linapoingia saa kumi jioni, panda treni uende ukae nao kidogo. Hayo nayo ni utamaduni wa jiji hili, tena umetuhusu sisi.

Brixton usiisahau. Ni karibu na Camberwell, na pale Windrush Square kuna Black Cultural Archives, nyaraka za maisha ya watu weusi nchini Uingereza. Nenda mapema, kabla hujaanza kujiona wewe ndiye wa kwanza kuyapitia unayoyapitia.

Wikendi kuna adha moja nisiyoipenda: matengenezo ya reli. Unaamka Jumapili umejipanga, unakuta njia yako imefungwa siku nzima na badala yake wameweka mabasi ya dharura. Hata hapo mtaa wenye basi la moja kwa moja unakuokoa.

Kuhusu mtoto, shule za serikali nyingi hutazama umbali wa nyumba yako, lakini ukifika katikati ya mwaka unapewa penye nafasi. Halmashauri ya Forest Hill na Sydenham ni Lewisham. Waulize nafasi zilipo kabla hujalipa amana ya nyumba, usije ukapata nyumba Sydenham na shule ikawa upande mwingine kabisa. Mwanao akishatulia, mpeleke Crystal Palace Park akaone sanamu za dinosaria zilizowekwa 1854, wakati wataalamu wenyewe walikuwa wakibahatisha maumbo yao.

Msisaini mkataba wa mwaka mkiwa bado kwenu kwa kutazama picha. Pangeni chumba kwa muda mfupi kwanza. Mkiona nyumba mliyoipenda, nendeni usiku mkaone show au mtembee tu pale Waterloo, kisha mrudi hadi mlangoni pa nyumba hiyo mnavyotarajia kurudi siku zote, mkitazama taa za barabarani, umbali wa kituo, na kama wewe peke yako ungeridhika kupita pale saa sita usiku. Asubuhi inayofuata pandeni 176 saa ya zamu yako. Ukishapewa ratiba ya mwezi wa kwanza nitumie. Nitakutafutia tiketi ya onyesho la mchana kwa siku utakayokuwa huna kazi, na mtoto nitakaa naye mimi.